Pete Tisa Chini ya Mkia

Makumbusho, chumba cha chini
9 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kikombe. Mimi mzima, ila macho yameanza kudai miwani ya pili juu ya hii niliyonayo. Goti la wifi yangu linaendeleaje? Mwambie yale mafuta ya mgongo aliyonitumia nimeyapaka mpaka chupa imebaki harufu. Na mwanao muuguzi mwambie shangazi yake hajakasirika kwamba hajaandika tangu mwaka jana. Nimekasirika kidogo tu.

Mwezi wa tisa nastaafu. Nimekaa humu miaka thelathini na nne. Niliingia kama mchunaji wa ndege, mwalimu wangu mzee alinikabidhi ndege aitwaye chozi, mdogo kuliko kidole gumba, akanipa na wembe, akasema, "Mvue koti bila kukata vifungo." Nikavikata. Wa saba ndiye aliyetoka mzima. Baadaye nikapewa na mijusi na nyoka pia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuzigusa zile chupa. Leo nina ndege elfu sita kwenye droo na watambaao elfu nne kwenye spiriti, na kila mmoja najua analala wapi.

Sasa neno lenyewe. Unamkumbuka mjusi uliyenitumia kwenye kopo la chai, miaka thelathini na moja iliyopita? Wa pete tisa nyekundu chini ya mkia. Nilimchunguza mwaka mzima, nikathibitisha hajawahi kuandikwa popote, nikampa jina la mama. Nimeandika mengi maishani, lakini ukiniuliza nimefanya nini duniani, nitakuonyesha huyo.

Mtaalamu mmoja wa chuo amechapisha makala kwamba mjusi wangu hayupo. Anasema ni yule wa kawaida wa ukutani, na pete ni kutu ya kopo. Anasema pia alikuja huko kwetu na watu wake, wakapekua kilima cha nyuma ya nyumba siku tisa, wasipate hata kivuli chake. Hitimisho lake: mtunzaji alichanganya lebo. Mkurugenzi wetu mpya ameniandalia karatasi ya kukiri hivyo hivyo, na anataka saini kabla kamati haijakaa tarehe 30 Agosti, ili jina lifutwe nami niagwe kwa keki.

Mimi nichanganye lebo! Nimewahi kuchanganya chumvi na sukari, nimewahi kwenda harusi ya binamu yetu siku moja baada ya harusi. Lebo, hapana.

Ningekupigia simu, lakini tangu ile homa iondoke na masikio yako, wewe na simu mnajuana. Basi niandikie. Ulisimama wapi hasa ulipomkamata?

Dada yako


Karakana
2 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe, kwa hiyo sikuwa na shaka ni yako. Sisi hatujambo. Goti la wifi yako linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Muuguzi amehamishiwa wodi ya watoto, anarudi nyumbani kanuka maziwa na kachoka. Mimi nina milango kumi na miwili ya zahanati ya kumaliza, na mbao walizoleta zimepinda, nikiiweka moja chini inakaa kwa mgongo.

Huyo mkurugenzi ametoka wapi? Mwambie kuna watu wa kutishwa na karatasi na kuna wewe. Mama alikuwa akisema ulizaliwa umekunja ngumi. Usisaini! Usisaini hata wakikuletea kalamu ya dhahabu.

Kuhusu mjusi, si niliandika kwenye lebo? Kilima cha nyuma ya nyumba. Ndivyo ilivyo.

Wifi yako anauliza kama bado unakunywa chai kwenye chumba chenye nyoka.

Mdogo wako


Makumbusho
20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie wifi nyoka hawajawahi kuniibia sukari, tofauti na watu wa ghorofa ya juu. Mmemaliza milango?

Hapa vita imeanza. Jumatatu mkurugenzi aliteremka mwenyewe, mara ya kwanza tangu aje. Alisimama katikati ya makabati na kitambaa puani.

"Mama, ni saini moja tu," akasema.

"Basi weka yako."

"Mimi sikuchanganya lebo."

"Hata mimi."

Akanieleza kwamba ukumbi mpya utafunguliwa, kwamba wageni wanakuja, kwamba makumbusho haiwezi kubeba aibu. Nikamwambia aibu haina uzito wa kubebwa na jengo zima, mimi mwenyewe nitaibeba kama ni yangu, ila kwanza nionyeshwe. Akaondoka. Keshoye nikaletewa barua: chumba changu kinatakiwa, nianze kufungasha. Nikafungasha vikombe viwili, nikakaa.

Lakini kukaa tu hakutoshi, nahitaji cha kuwajibu. Mtaalamu yule alipekua kilima jiwe kwa jiwe; nimesoma ripoti yake, si mvivu. Hakuvuka mto kwenda upande wa machimbo ya mawe, na simlaumu, lebo haikumtuma huko. Hata sisi hatujui kulivyo. Tangu mwamba umwangukie baba, mama alituapisha mbele ya kaburi tusikanyage kule maisha yetu yote.

Kwa hiyo naomba unisaidie vizuri zaidi. Alikuwa kwenye jiwe au kwenye majani? Jua lilikuwa wapi? Alikimbilia juu au chini? Nilikufundisha mwenyewe: lebo hufungwa mguuni papo hapo, kabla hujapiga hata hatua moja. Najua uliifunga papo hapo, uzi ulikuwa na fundo lako la seremala. Funga macho, ukumbuke.

Dada yako


Karakana
30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi ilikuwa nyingi. Milango imekwenda. Paa la jikoni limevuja, nimepanda mwenyewe kuliziba, wifi yako alishika ngazi huku akinisema, nami kwa bahati sikusikia.

Nimefikiria jambo lako. Mjusi ni mjusi, dada. Miaka imekwenda, sikumbuki jua lilikuwa wapi. Wewe umefanya kazi ya kutosha, kila mtu anajua. Labda saini tu, wakuage salama, uje upumzike huku. Chumba cha uani nimekipaka rangi.

Mdogo wako


Makumbusho
15 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mwezi wa tatu uliniambia nisisaini hata kwa kalamu ya dhahabu. Mwezi wa nne unaniambia nisaini na chumba umeshapaka rangi. Mimi nimefanya kazi na viumbe vinavyobadilika rangi, na havibadiliki bure.

Hebu nikueleze kilichotokea. Walikuja wapagazi wawili na amri ya kuhamisha makabati ya ndege. Nikasema hakihami kitu kabla sijakagua kila droo, ni kanuni, nikawatolea kanuni yenyewe. Wakaenda kula, nami nikaanza kukagua, polepole, kwa makusudi, ili niwapotezee wiki. Siku ya tatu nikafika kwenye droo ya kozi, wale ndege wawindaji. Mwalimu wangu mzee alikuwa na desturi moja ambayo wengine waliiona ya kichaa: kila ndege aliyemchuna alimpasua na tumbo, akaandika nyuma ya lebo alikuta nini mle. Panzi. Panya. Unyoya. Mimi nyuma za lebo zile nilikuwa sijazisoma zote, nakiri. Nikamgeuza kozi mmoja dume, wa kabla mimi sijaajiriwa. Nyuma imeandikwa: "Tumboni: mkia wa mjusi, pete nyekundu kwa chini. Simjui huyu mjusi."

Nilikaa chini sakafuni. Huyo mkia haukuwahi kuingia kopo la chai, mdogo wangu. Hiyo si kutu.

Halafu nikasoma mbele. Mahali: machimbo ya mawe, ng'ambo ya mto, kijiji kile kile chetu.

Sasa nami nikuambie langu, ambalo sijamwambia mtu. Nilipofungua kopo lako mwaka ule, mjusi alikuwa na vumbi jeupe katikati ya vidole vya miguu. Jeupe kabisa. Udongo wa kilima chetu ni mwekundu, nimecheza humo, nimepigwa kwa kuchafua nguo humo. Nililiona lile vumbi. Lakini tulifundishwa mnyama aoshwe kabla ya kuingia kwenye spiriti, awe safi, apendeze chupani. Nikachukua brashi laini na maji ya uvuguvugu nikamwosha kidole kwa kidole, na yale maji nikayamwaga kwenye sinki. Sikujiuliza chochote, kwa sababu lebo ilikuwa ya mdogo wangu.

Kwa hiyo sikuulizi tena ulisimama wapi. Nakuuliza ulikuwa unafanya nini machimboni.

Dada yako


Makumbusho
22 Juni

Mdogo wangu,

Wiki tano, kimya. Nimemuuliza wifi kwa simu, ameniambia barua ilifika, unatembea nayo mfukoni, umekonda.

Wapagazi wamerudi. Nimewaambia nimebakiza droo mia moja na tisini.

Nijibu. Hata kama ni kunitukana.

Dada yako


Karakana
4 Julai

Dada,

Shikamoo. Watu wote wazima. Leo sina habari nyingine.

Nilikuwa nafanya kazi.

Mwaka ule mliamini nipo kwa seremala mjini, najifunza. Seremala alinifukuza wiki ya pili, alisema nina mikono ya kuvunja si ya kuunga. Sikutaka kurudi nyumbani na maneno hayo. Nikavuka mto. Nilijiambia nitatazama tu pale baba alipoangukiwa, maana nilikuwa mdogo, sikuruhusiwa kwenda, na nilikua nikiliota jiwe lenyewe bila kulijua umbo. Nikafika, nikaliona. Ni jiwe la kawaida tu. Msimamizi akanikuta nimelishika, akadhani natafuta kazi, na siku hiyo alikuwa amepungukiwa mtu. Nikakaa miezi kumi na minne.

Nisikufiche, niliipenda ile kazi. Nilipenda kuona mwamba ulioua baba unapasuka kwa mkono wangu. Kila jiwe nililovunja nilikuwa namlipia yeye. Mama angesema nini, sikutaka kujua.

Ulikuwa umetuomba kila mmoja wetu akuletee mijusi. Mchana mmoja tumepumzika, nikamwona juu ya jiwe jeupe, kageuza mkia, zile pete zinawaka. Nikamfunika na kofia. Lebo nilikuwa nayo mfukoni, na uzi, kama ulivyofundisha. Nikaifunga papo hapo. Ila nilipofika pa kuandika mahali, mkono ulikataa. Mama alikuwa anakaa kwako, hajui kusoma, na kila karatasi iliyotoka kwangu ulimsomea kwa sauti. Ungemsomea hadi lebo, nakujua. Nikaandika kilima.

Na homa hakukuwa na homa. Baruti ililipuka kabla ya wakati, mimi nikiwa karibu mno. Nikalala siku tatu kwenye kibanda cha wafanyakazi, nilipoamka dunia ilikuwa imenyamaza. Nikarudi nyumbani nikasema homa. Mama akarudi kutoka kwako kuniuguza, akanipaka dawa ya masikio miaka minane, mpaka alipokufa. Nilikuwa nakaa, nainamisha kichwa, ananipaka.

Sasa unajua. Sitaki unihurumie. Nilijifunza useremala baadaye, kwa ubishi, na yule aliyenifukuza amekufa akilalia kitanda nilichokitengeneza mimi.

Fanya unavyoona.

Mdogo wako


Makumbusho
18 Julai

Mdogo wangu,

Nimekununia siku nne. Ya tano nikalia, kwa ajili ya yale masikio na mama na dawa yake. Ya sita nimekaa kuandika.

Nina hasira na wewe, nataka uijue hasira yenyewe isije ikakupotea: miaka thelathini na moja nimekuonea huruma kwa homa ambayo haikuwepo. Ningekuonea fahari. Ulienda kulitazama jiwe, mimi sikuthubutu. Mimi nilikimbilia mahali ambapo kila kilichokufa kina lebo na hakiangukii mtu.

Sasa sikiliza, au soma, kwa kuwa kusikiliza kwako nakufahamu. Karatasi ya mkurugenzi sisaini. Inasema nilichanganya lebo, na sikuchanganya. Nitaandika yangu: kwamba mahali palipoandikwa si penyewe, kwamba mtunzaji aliona vumbi jeupe akaliosha, na kwamba kozi wa mwalimu anashuhudia. Kosa langu nitalisema kwa herufi kubwa. La kwako siligusi bila ruhusa yako. Ukikataa, nitasimama mbele ya kamati na kozi wangu peke yake, waninyang'anye hilo jina wakitaka, na sitamtaja ndugu yangu. Ukikubali, nitafunga lebo mpya. Ya zamani haitoki, hiyo ndiyo sheria yetu: lebo ya kwanza haing'olewi kamwe, hata ikiwa ya uongo. Uongo wako utabaki mguuni pale pale, na ukweli utafungwa juu yake, na jina la mama juu ya vyote viwili.

Watasema mkia wa tumboni mwa kozi haupo tena, kuna maandishi tu. Watasema mjusi wangu ni kutu, na machimbo yamefungwa miaka kumi, yamejaa maji, hakuna kitu. Nilimwandikia mtaalamu habari za kozi, naye ameshanijibu hivyo, bila kuvuka mto. Nimeomba likizo nije nitafute mwenyewe, mkurugenzi amenyima. Nimeomba tena. Amenyima tena, safari hii kwa mhuri.

Niambie kama naruhusiwa. Siku zinakwisha.

Dada yako


Karakana
11 Agosti

Dada,

Shikamoo. Goti la wifi yako limevimba, na utaona kwa nini.

Andika. Andika yote, na jina langu, na miezi kumi na minne, na baruti. Nimechoka kuwa mtu wa homa.

Barua yako ilifika Jumanne. Jumatano tulivuka mto, mimi na wifi yako. Lango la machimbo lina mnyororo na mlinzi. Alinipigia kelele nisiingie, naona alipiga sana, shingo ilimtoka mishipa. Kwa mara ya kwanza uziwi wangu umenifaa: nilimpungia mkono nikapita. Wifi yako alibaki kumweleza kwamba mumewe hasikii, na kwamba yeye ndiye anayemfuata ili amrudishe. Amemfuata siku tatu.

Maji yamejaa katikati, lakini ukuta wa mashariki uko juu, mkavu, mweupe, jua linaupiga tangu asubuhi. Jiwe la baba lipo. Nilisimama pale nikamwambia mama kwamba nimevunja kiapo mara ya pili, na safari hii nakisema. Nilisema kwa sauti kubwa, maana kiziwi ni mimi, si yeye. Wifi yako anasema ilisikika hadi langoni.

Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu wifi yako, kakaa juu ya jiwe kashika chupa, kanigusa bega, akanyoosha kidole.

Mtaalamu wao mwambie aje na viatu vizuri, nitamwonyesha njia mwenyewe. Wako wengi, dada. Nimewaona sita.

Nimetumia chupa ya glasi, isije ikasemwa kutu. Sikuosha kitu. Lebo nimeifunga nikiwa bado nimepiga magoti, kabla sijapiga hata hatua moja, nami nainakili hapa, chupa ikivunjika njiani ibaki barua:

"Machimbo ya zamani ng'ambo ya mto, ukuta wa mashariki, hatua arobaini kutoka alipoangukiwa baba yetu. Tarehe 8 Agosti, saa nne na robo asubuhi, jua kali. Juu ya jiwe jeupe. Alikimbilia juu. Amekamatwa na seremala, aliyewahi kuwa mvunja mawe hapa hapa. Mkia tu, mwenyewe amekataa kuja. Pete saba. Mbili amebaki nazo."